Maji Tano: Risala ya Waokoaji wa Bwawa Kuhusu Droni Inayorushwa Kutoka Jukwaa la Juu

Mgeni rasmi, mwaka jana ulikaa kwenye kiti hicho hicho, chini ya turubai hilo hilo. Boya lilipoanguka na mwenzetu akalia kule majini, uligeuza shingo upande wa wapiga picha. Hatusemi hukusikia. Upepo ulikuwa unatoka bwawani, na watu wa mstari wa nyuma yako walisimama wote. Ulipogeuka tena tulikuwa tumeshamtoa. Ukapiga makofi, na sisi, kwa adabu tulizofundishwa, tukapiga pamoja nawe. Leo tunaomba tuanzie hapo.

KUKUKARIBISHA

Karibu sana, Mheshimiwa. Karibu hii haina kinyongo. Wanawake wa kikundi wamefagia jukwaa tangu asubuhi, na wanaume wamebeba viti kutoka shuleni wakigombana njia nzima nani anabeba vingi.

Risala iliyo kwenye bahasha uliyopewa getini ni nyingine. Ina shukrani za kutosha, utaisoma garini. Hii tumeiandika wenyewe kwenye banda la boti, kila mtu akitia neno lake, na wengine wakitia mpaka tukawaambia basi.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianza na mitumbwi miwili na kamba. Abiria walikuwa wakivuka bwawa kwenda sokoni, boti zikizidiwa na upepo wa mchana, na sisi tuliokuwa tunaishi kando ndio tuliokuwa tunaogelea kuwafuata. Baadaye wakubwa wakatuletea droni yenye ndoano ya kubebea boya. Tulifundishwa kuirusha kule chini, kwenye gati linaloelea, linalopanda na kushuka na bwawa, mbao zake zikiwa karibu kulamba maji.

Ukirushia pale gatini, skrini ya rimoti inasoma sifuri droni ikiwa imetua, na sifuri hiyo ni maji kabisa. Ndipo likazaliwa neno letu. Hatukusema "mita tano." Tulisema "maji tano." Mwenye boti anauliza, "Iko maji ngapi?" Mrushaji anajibu, "Maji tano, naachia." Boya linadondoka taratibu, pembeni ya mtu, anainua mkono tu na kulishika.

Hivyo ndivyo tulivyomwokoa fundi cherehani aliyepinduka na boti karibu na mnara wa kuchotea maji. Alipokuja kutushukuru alilalamika kwamba tumeuachia utepe wake wa kupimia ukaenda na maji. Tukamwambia, "Fundi, tulipewa boya moja, hatukupewa la utepe."

Kisha likajengwa jukwaa hili. Ni zuri, lina kivuli, magari yanafika mpaka hapa. Tukaambiwa droni nayo ihamie juu, kwa sababu wageni hawawezi kushuka ngazi zile za tuta kwa viatu vyao. Tukahama na droni, tukahama na rimoti. Kwa bahati mbaya tukahama na neno letu pia.

KILICHOTOKEA

Mheshimiwa, droni haijui maji. Inajua mahali ilipokuwa imesimama wakati ilipowashwa, basi. Ukiiwashia hapa juu, sifuri yake ni hii saruji unayoikanyaga. Ikitoka ukingoni na kuelea juu ya bwawa, skrini inaendelea kuhesabu kutoka kwenye saruji, kana kwamba jukwaa limetandazwa mpaka ng'ambo.

Mwaka jana, aliyekuwa majini akiigiza mtu anayezama alikuwa mwenzetu tunayemwita Bata. Tulimwita hivyo kwa sababu nchi kavu anatembea vibaya, lakini majini hapana wa kumfikia. Amri ikatoka: "Maji tano, achia." Mrushaji wetu, ambaye wote tunamwita Shangazi, akatazama skrini, akaona tano, akaachia. Sisi sote tuliona tano. Tukaiamini.

Ilikuwa tano juu ya jukwaa. Jukwaa lenyewe lilikuwa mita kumi na nane juu ya maji. Boya la plastiki ngumu lilitoka kimo cha ghorofa ya saba likamvunja Bata mfupa wa mtulinga. Yuko pale, mstari wa tatu, mwenye shati la bluu. Jana alituonyesha kwa mara nyingine: "Nikiinua mkono hivi, unaishia hapa." Hapa ni sikioni. Mtu hawezi kuogelea na mkono unaoishia sikioni.

KILICHOREKEBISHWA, NA NAMNA KILIVYOREKEBISHWA

Tuseme kweli, msimamizi wetu hakulala. Kesho yake aliteremsha kamba yenye jiwe kutoka ukingoni, akapima kumi na nane, akaagiza iandikwe ukutani kwa rangi nyekundu: TOA 18. Maana yake, ukitaka tano juu ya maji, toa kumi na nane, skrini isome kasoro kumi na tatu, yaani kumi na tatu chini ya saruji. Hesabu ilikuwa sahihi. Siku ile ilikuwa sahihi kabisa, na tulimpongeza.

Lakini kilikuwa kiangazi. Sasa mvua zimenyesha, bwawa limejaa, na ukiteremsha kamba ile ile leo asubuhi, kama tulivyofanya, inagusa maji kwenye mita kumi na mbili. Rangi bado inasema kumi na nane. Ni rangi ya mafuta, ile haitoki.

Mheshimiwa, tunaomba uipige hesabu hiyo pamoja nasi hapo ulipokaa. Skrini ikisoma kasoro kumi na tatu, na maji yako kumi na mbili chini ya jukwaa, droni iko wapi? Iko mita moja ndani ya maji. Kabla ya kufika huko itakuwa imepita mahali penye kichwa cha mtu, na mapanga yake yanazunguka.

Kwenye mazoezi ya juzi tulipakia boya, hatukuweka mtu. Shangazi alishusha polepole. Skrini iliposoma kasoro kumi na moja, boya, linaloning'inia mita moja chini ya droni, likagusa maji, na kwa hesabu ya ukutani tulikuwa bado mita saba juu. Akasimamisha. Mazungumzo yaliyofuata tunayaandika yalivyokuwa.

Shangazi alisema, "Bosi, hii namba ya ukutani imeoza."

Msimamizi akasema, "Siku ya shughuli utaangalia kwa macho."

"Macho gani, baba? Ukiwa juu maji yote ni kioo kimoja. Iko mbali, iko karibu, naona doa jeusi tu."

"Droni ina kijicho tumboni cha kupimia kimo, kitumie."

"Kile kikiona mawimbi kinapayuka. Kinasema mbili, kinasema tisa, kisha kinanyamaza kama mwizi."

"Basi turushie gatini," akasema Bata.

"Na mgeni ataona nini?" msimamizi akauliza. "Tumwalike aje atazame ngazi? Ngojeni shughuli ipite, tutakaa tuzungumze."

Tunakumbuka "tutakaa tuzungumze" nyingine nyingi. Iko ya uzio wa bwawa, iko ya jaketi za abiria, iko ya taa ya mnarani. Wakubwa hubadilishwa na faili huhamishwa, lakini sisi tumebaki palepale kando ya maji, na kukumbuka kumekuwa sehemu ya kazi yetu.

TUNACHOOMBA

Tunaomba droni irudi gatini, ambako sifuri ni maji. Siku ambayo lazima irushwe kutoka juu, kimo cha maji kipimwe asubuhi hiyo hiyo kwa kamba, na namba iandikwe kwa chaki ili kesho ifutike. Awepo pia mtu wa kikundi kwenye boti, usawa wa maji, mwenye redio. Anayetazama kwa ubavu anaona nafasi kati ya droni na maji. Anayetazama kutoka juu haioni hata awe na macho ya mwewe. Mtu huyo akisema acha, iwe acha, hata awe nani amekaa chini ya turubai.

Haya mengine yanaweza kusubiri wiki. Kuna moja ambalo haliwezi.

Kwenye ratiba uliyoshika, baada ya risala yetu yanafuata maonyesho ya uokoaji. Leo anayeigiza kuzama ni mdogo wake Bata wa kike. Mkono wa kaka yake hauogelei tena, na binti huyu mkataba wake wa kazi bado uko mezani unasubiri sahihi. Tulimwambia akatae. Bata mwenyewe alimwambia mbele yetu, "Mdogo wangu, sema unaumwa."

Akajibu, "Nikiumwa mimi wataingiza mwingine. Na huyo mwingine hajui hata kupiga mbizi kukwepa."

Shangazi ndiye mwenye rimoti. Ameagizwa afuate namba ya ukutani, na asipotaka rimoti ichukuliwe na dereva wa ofisi, ambaye droni ameiona kwenye simu tu. Ndiyo maana hajaiachia. Mtazame, yuko pembeni ya nguzo, mwenye kilemba cheupe. Wanaosema amekubali hawamjui.

Mheshimiwa, tumeshawaudhi watu wa kutosha kwa siku moja, na tunajua kesho majina yetu yataulizwa. Yaulizwe tu. Tunachotaka kwako ni maneno matatu kwenye kipaza sauti kilicho mbele yako: "Irushwe kutoka gatini." Msimamizi hatakupinga wewe. Ngazi za tuta si nyingi, na ukiona vigumu kushuka tutakushika mkono, au ubaki hapa juu usione vizuri, mradi yule binti atoke mzima.

Mungu akupe afya, akulindie wanao kila wanapovuka maji yoyote, na akupe ujasiri wa dakika hii moja.

Ni sisi, Kikundi cha Waokoaji wa Bwawa, tuliosimama mbele yako. Hatutapiga makofi sasa, na tunakuomba nawe usipige. Binti ameshaingia majini, anasubiri filimbi nyuma ya mnara, na vipaza sauti vimeelekezwa huku kwa wageni, kwa hiyo hasikii hata neno moja la haya tuliyosoma. Chukua kipaza sauti, Mheshimiwa, uzuie filimbi.