Mzee Hosea na Vipimo vya Issuna

Leo ni Ijumaa, tarehe 7 Julai 2023. Zimepita siku saba tangu Mzee Hosea Mughwai astaafu, baada ya miaka ishirini na sita ya kutunza kompyuta za kampuni yetu ya upimaji ardhi hapa Singida. Sasa yuko kwao Itigi. Mimi natoka mbali, kazi yangu ni kushika kamba na kubeba vigingi, na shule sikuimaliza. Aliomba maneno haya ya kumuaga niyaandike mimi, kwa sababu, alisema, wasomi watamsifu mno.

Alianza kwa kufuta vumbi kwenye mashine. Akajifunza kidogo kidogo, kwa kuuliza na kwa kukosea, mpaka akakabidhiwa kompyuta kubwa ya ofisi, inayotumia mfumo wa Linux. Humo alitenga sehemu ya kumbukumbu ya mashine ifanye kazi kama diski. Diski hiyo ina kasi sana, ila umeme ukikatika haibaki na kitu. Kwa hiyo kila jioni mashine ilinakili kazi yote kwenye diski ya kawaida.

Mwezi wa nne diski ile ya kasi ilikataa kupokea picha za mashamba ya kijiji cha Issuna. Ilidai imejaa, kumbe nusu yake ilikuwa tupu. Derick, mtaalamu wetu mwenye shahada, alifuta mafaili makubwa siku mbili bila mafanikio. Mzee Hosea akaja na kikombe chake cha uji, akatazama, akasema, "Mwanangu, wewe unapima gunia kwa mizani. Hesabu punje." Programu ilikuwa inakata picha vipande vidogo, mamilioni, na diski ile ina kikomo cha idadi ya mafaili hata yakiwa madogo namna gani. Akaongeza kikomo bila kuzima mashine. Derick tulimwita Mizani wiki nzima.

Lakini ili afanye kazi hiyo kwa utulivu, alisimamisha kunakili kwa jioni. Akasahau kuurudisha unakili huo. Hakuna aliyekagua, maana jambo likishashikwa na Mzee Hosea sisi tulikuwa tunaendelea na mengine.

Tarehe 19 Juni umeme ulikatika na betri zikaisha. Vipimo vyote vya Issuna vikapotea. Vipimo kwenye vifaa vya shambani tulikuwa tumeshavifuta ili vifaa vipate nafasi, kama tulivyozoea. Humo ulikuwemo mpaka kati ya shamba la Bibi Yunisi, mjane, na la shemeji yake Amosi. Siku ya kupima, kamba nilishika mimi, na Amosi aliukubali mbele ya majirani. Sasa ameng'oa vigingi, amevuna mistari kumi na minne ya alizeti ya mjane, na anasema pale hapajawahi kupimwa. Majirani hawataki ugomvi. Neno langu, mtu wa kuja, halikupokelewa.

Kwenye sherehe ya kumuaga, meneja wetu Mama Winfrida alieleza kuwa umeme ndio ulioharibu kazi. Mzee Hosea akasimama. "Si umeme," alisema. "Nilisimamisha nakala kwa mkono wangu, nikasahau." Derick akamnong'oneza, "Mzee, si ungenyamaza tu? Wewe unaondoka." Akamjibu kwa sauti ya kawaida, "Na Yunisi anaondoka kwenda wapi?"

Baada ya hapo kuku walibaki kwenye sinia. Mama Winfrida hakumpa mkono. Mzee aliondoka na mfuko wake mmoja, na blanketi tulilomchangia nusura aliache kwenye kiti.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha, na kwa kuwa kila asubuhi uliitikia shikamoo za sisi wa kamba kwa kututaja majina. Mungu akupe usingizi mzuri na mizinga yenye asali huko Itigi.

Mzee Hosea alipiga simu jana. Mpaka wa Bibi Yunisi aliuona kwenye kompyuta kabla haujapotea, na atasema hivyo mbele ya mkutano wa kijiji, pamoja na kosa lake, Amosi akiwa amekaa hapo hapo. Atarudi kwa ajili ya mkutano huo Jumatatu, tarehe 14 Agosti, kwa basi la asubuhi.