Doreen Ackroyd, Aliyewafuata Mawakili Hadi Uwanjani

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Bi Doreen Ackroyd anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya uwakala wa nyumba hapa Halifax kwa miaka thelathini na miwili. Alianza kwa kupiga picha za nyumba zinazouzwa, kazi aliyoondolewa upesi kwa sababu kidole chake kilionekana katika kila sebule. Akahamishiwa kwenye simu, kuwahimiza mawakili wa wanunuzi na wauzaji wamalize hati za mauzo. Hapo ndipo alipopata mahali pake.

Wageni katika kazi hii hudhani nyumba ikishapata mnunuzi imeuzwa. Doreen aliwacheka. "Imepata mchumba tu," alikuwa akisema. "Ndoa iko kwa mawakili, nao wametoka kula."

Wengi tutamkumbuka kwa nyumba ya Mzee Walter Greenwood, aliyefiwa na mkewe na aliyetaka kuhamia Scarborough karibu na binti yake. Wanunuzi, Colin na Janine Sugden, walikuwa wamesharudisha funguo za nyumba ya kupanga, kwa kuwa wakili wao aliwaambia mambo yatakamilika wakati wowote. Wakajikuta wanalala kwenye kochi sebuleni kwa mama yake Janine, Janine ana mimba, na kasuku wa mama mtu ameshajifunza kuiga mkoromo wa Colin.

Kilichokwamisha kila kitu ni ukuta wa nyuma ya bustani: ni wa nani? Bwana Lumb, wakili wa akina Sugden, alisema ameuliza na anasubiri jibu. Bwana Pickles, wakili wa Mzee Walter, alisema ameshajibu na anasubiri kusikia. Doreen alipiga simu kila siku. Lumb yuko kikaoni. Pickles yuko likizo. Theluji ikaanguka, ikayeyuka, maua yakachanua, na ukuta bado haujapata mwenyewe.

Kisha binti wa Mzee Walter akapiga simu. "Baba amechoka. Tusiposikia kitu Jumatatu, hauzi tena." Doreen alipomweleza Janine, Janine aliangua kilio. "Mwanangu atazaliwa kwenye kochi hili, Doreen, na atafundishwa kusema na kasuku!"

Jumamosi Doreen alikuwa akitoka sokoni, akakatiza bustani ya manispaa. Pale kwenye uwanja wa majani wazee walikuwa wakivingirisha matufe, na wawili kati yao wanacheka na kupigana makofi mabegani. Lumb na Pickles. Timu moja.

Doreen akaingia uwanjani na viatu vyake vya sokoni, akaokota lile tufe dogo ambalo wachezaji wote hulilenga, akalitia mkobani juu ya vitunguu.

"We mama, rudisha hilo!" Lumb alifoka.

"Ukuta ni wa nani?"

"Ukuta gani tena?"

"Wa Mzee Walter."

Lumb akamgeukia mwenzake. "Si nilikuuliza tangu Krismasi?"

"Nami si nilikujibu? Ni wa mteja wangu."

"Hukunijibu, bwana!"

"Basi nimekujibu. Ni wa Walter. Mama, tufe letu, tafadhali."

"Jumatatu asubuhi, kwa maandishi," Doreen akasema. "Hapo mtalipata."

Mchezo ukaishia hapo. Jumatatu majibu yalifika hata maji ya chai hayajachemka, na Doreen akalipeleka tufe mwenyewe. Klabu ililalamika kwa meneja wetu. Alimwita Doreen ndani amkaripie, akafunga mlango, na sisi tuliokuwa nje tukasikia vicheko vya watu wawili.

Wiki hiyohiyo akina Sugden walipata funguo. Janine aliingia, akaketi sakafuni katikati ya sebule tupu, akakataa kunyanyuka hata alipoletewa kiti. Alizaa msichana. Jina lake la pili ni Doreen. La kwanza bibi alishalichagua.

Sasa Doreen na mumewe, Stanley, wanahamia Filey, kwenye nyumba ndogo inayotazama bahari. Walitarajia kuhamia Aprili. Wakili wao anasubiri jibu. Stanley amemkataza mkewe kwenda kumtafuta, akasema mtu aliyestaafu apumzike, kwa hiyo kuanzia Jumatatu tutampigia huyo wakili sisi, kwa zamu.

Asante, Doreen, kwa kila mlango uliofunguka kwa sababu yako. Uishi kwa raha na afya huko Filey. Na mpaka siku ya kuhama ifike, uishi kwa raha hapo ulipo, katikati ya maboksi.