Rafiki Aliyefungiwa

Fundi cherehani alikuwa ametega sikio tangu treni ilipoondoka; mambo ya watu ni matamu kuliko njugu. Mbele yake, nesi alikuwa akimmwagia yaliyo moyoni mzee aliyekutana naye humohumo.

"Binti yangu anasoma mbali, anakaa kwa shangazi yake. Nikajifanya msichana wa rika lake mtandaoni, nipate kumchunga. Baba, mimi ananijibu 'sawa' tu. Kwa yule rafiki wa uongo alisema yote, hata kwamba anaikumbuka harufu ya khanga yangu."

"Mwambie ukweli, mwanangu."

"Nitaanzia wapi? Mwenyewe nilimfundisha: rafiki wa mtandaoni akikataa kuonyesha uso, mfungie. Jana binti akataka tuonane kwa video. Nikasingizia kamera mbovu."

"Akakufungia?"

"Papo hapo. Kisha akanipigia, kajaa fahari: 'Mama, nimefanya ulivyonifundisha!'"

"Si ndiyo nafasi yenyewe! Mkaongea?"

"Nikampongeza. Akasema sawa, akakata."

Fundi alitaka mzee aseme neno, lakini treni ilisimama. Nesi akateremka akiitazama simu, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake kwa ufunguo alioutoa mwenyewe.