Aya Ambayo Haimo Kwenye Ratiba

Ndugu, jamaa na majirani, poleni na msiba, poleni na jua. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, mpima macho na muuza miwani kwa kazi, mwoga kwa maumbile. Wasifu uliochapwa kwenye ratiba mliyoshika una aya chache nzuri. Karatasi niliyoshika mimi ina aya moja zaidi. Tuliiondoa Jumanne, baada ya mabwana wawili kufika msibani kutupa pole na kuomba kuiona ratiba kabla haijapelekwa kuchapwa. Walikunywa chai yetu, wakasema kwa upole, "Wasifu mzuri ni mfupi, mzee. Andika alifanya kazi, akastaafu, akaugua. Inatosha." Kalamu iliyoikata aya ile ilikuwa yangu. Mpaka sasa sijui kama nitathubutu kuisoma, kwa hiyo nivumilieni nikienda polepole.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba ya tatu kutoka kwenye tangi la maji. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba yetu alikuwa karani wa mizani, mama alishona sare za shule. Nilipokuwa na miaka sita nilivunja kioo cha ofisi ya stesheni kwa jiwe, na mkuu wa stesheni alipokuja nyumbani nikajichimbia chini ya kitanda. Dada akamwambia, "Aliyerusha ni yeye. Lakini mimi ndiye niliyembishia kwamba jiwe lake halifiki, kwa hiyo tuchapeni wote wawili." Tukachapwa wote wawili. Nilimnunia wiki nzima, maana kwa akili yangu ya wakati ule dada mwema ni yule anayekuficha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akaenda sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1972, na mwaka 1978 akajiunga na chuo kikuu kusomea sheria, akahitimu mwaka 1982. Alisoma huku akifuatisha mstari kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Wenzake walimcheka sana, mpaka matokeo yalipobandikwa ukutani.

Mwaka huohuo aliajiriwa kuwa wakili wa serikali, katika chumba cha meza tatu na dirisha lisilofunguka. Alipanda ngazi polepole, na tarehe 1 Februari 2011 akateuliwa kuwa Wakili Mkuu wa Serikali. Mama alimuuliza kazi yenyewe ni ipi hasa. Akamjibu, "Mlango ukifungwa, mimi ndiye ninayewaambia wakubwa kwamba hili sheria hairuhusu. Ukifunguliwa, mimi ndiye ninayesimama mahakamani kuwatetea." Mama akauliza, "Na wasipokusikia mlango ukiwa umefungwa?" Akacheka, "Hapo ndipo vidonda vya tumbo vinapoanzia, mama." Mahakamani walimpachika jina la Ukurasa wa Ngapi, kwa sababu hakuna aliyemwambia jambo bila kuulizwa swali hilo, awe waziri au mhudumu wa chai.

Aliolewa tarehe 20 Desemba 1986 na mchora ramani wa idara ya ardhi, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele. Shemeji husema kwamba siku aliyomtamkia kuwa anampenda, aliombwa vielelezo. Walijaliwa binti na mwana, na hatukuwahi kusikia ugomvi wao ukivuka ukuta.

Ratiba yenu inaruka hapa na kwenda kwenye ugonjwa. Naona wale mabwana wamekuja, wamesimama karibu na lango. Mmoja ana ratiba mkononi na anafuatisha ninavyosoma. Naisoma.

Tarehe 6 Juni 2017, mke wa fundi mmoja wa kupiga chapa aliiomba mahakama iamuru mumewe aletwe, kwa kuwa alichukuliwa kazini kwake na kwa siku kumi na tisa hakuna aliyemwona. Marehemu aliletewa hati ya kiapo, imetiwa saini na ofisa mkubwa, ikisema serikali haikumshika mtu huyo. Kwa miaka thelathini na mitano alikuwa akidai kitabu chenyewe cha mahabusu kabla ya kufungua mdomo. Siku ile hakukidai. Hati ilikuwa nadhifu, yeye na aliyeitia saini walifahamiana tangu ujana, na majaji walikuwa wameshaketi. Akasimama akasema, "Waheshimiwa, serikali haina mtu huyo." Mke wa fundi akakaa chini. Majaji wakasema watatoa uamuzi tarehe 9.

Tarehe 8 mchana alikuwa mezani na jalada jingine kabisa, la mzabuni aliyelisha kituo kimoja cha polisi mikate yenye ukungu. Serikali ilitaka kuvunja mkataba naye. Ndani kulikuwa na orodha ya mahabusu walioharisha baada ya kuila, imeandikwa kwa mkono na muuguzi wa kituo, tarehe 7 Juni. Kidole cha dada kilipofika namba ya saba kilisimama. Alikuwa yule fundi, jina lake na la baba yake, siku moja baada ya majaji kuambiwa hayupo.

Alinipigia simu dukani. "Nimeidanganya mahakama," akasema.

"Umedanganywa wewe," nikamwambia. "Nyamaza, dada. Nani atafungua jalada la mikate?"

"Nimeshalifungua mimi."

Nikamsihi. Nikamtajia wanawe, nikamtajia mumewe, nikamtajia hata mimi. Akasema, "Nawafikiria wote. Na naogopa." Ndugu zangu, wanaomwita jasiri hawakumsikia akihema kwenye simu ile. Dada aliogopa kama ninavyoogopa mimi sasa hivi.

Kesho yake alivaa joho, akasimama kabla uamuzi haujasomwa. "Waheshimiwa, naomba kukanusha maneno yaliyosemwa hapa tarehe sita."

"Maneno ya wakili yupi?" akauliza jaji mkubwa.

"Yangu."

Akakabidhi orodha. Fundi yule aliletwa mahakamani saa nane mchana, amekonda, hana viatu, lakini anatembea kwa miguu yake. Jumatatu iliyofuata marehemu alikuta kitasa cha ofisi yake kimebadilishwa na barua ya mistari mitatu imebandikwa mlangoni. Hakustaafu. Alifukuzwa, na sababu ni hiyo niliyoisoma.

Baada ya hapo gari jeupe likawa linaegeshwa mbele ya nyumba yao, asubuhi hadi jioni. Simu ziliita bila mtu kusema upande wa pili. Shemeji alihamisha kitanda kutoka chumba cha mbele akakiweka kwenye korido, kwa kuwa haina dirisha. Hakuna aliyemgusa marehemu hata kwa kidole, na simtuhumu mtu. Lakini aliacha kwenda sokoni, akaacha kukaa barazani, na kikombe kikidondoka jikoni alishika moyo. Sisi ndugu tukaadimika. Kutoka dukani kwangu hadi kwake ni mwendo wa dakika kumi, nami kwa miaka miwili nilikwenda mara nne. Nilikuwa nikimwambia kazi zimenibana. Alikuwa akinijibu, "Najua," na hakuniuliza ukurasa wa ngapi.

Shinikizo la damu liligunduliwa Machi 2018, kisha moyo ukapanuka. Alilazwa mara tatu. Alifariki Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2019, saa nne na robo asubuhi, wodi ya pili, kitanda cha karibu na mlango, mumewe akimsomea gazeti. Daktari alitueleza kila kitu vizuri, na tunamshukuru.

Marehemu ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu na ndugu watatu, wa mwisho wao akiwa huyu aliyemwambia anyamaze. Dada, nisamehe kwa simu ile, na kwa kalamu ya Jumanne. Mungu akupe usingizi usioshtuka. Hofu iliyobaki ni yetu, usiibebe tena.

Nimemaliza kusoma, na sasa nina ombi moja. Tukishamzika, nitatakiwa kupita pale langoni. Nawaombeni, msitangulie. Tupiteni wote pamoja.