Kijiko Kimoja cha Sukari

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka mwalimu wa hesabu tuliyemzika Jumamosi. Chuoni walimwita Mwalimu Kijiko. Pale wenzake walipochomeka kalamu, kwenye mfuko wa shati, yeye alichomeka kijiko cha chai.

Kwa nini kijiko? Sikilizeni. Damu yote ya mtu mzima, lita tano hivi, ina sukari ya kijiko kimoja tu. Kijiko kimoja! Unakula, unakimbia, unalala, na mwili unairudisha pale pale. Mimi nilipoambiwa nilibaki mdomo wazi. Yeye aliliandika ajabu hilo kwa milinganyo miaka thelathini: chakula kinaingiza sukari, ini linaitunza na kuitoa, insulini inaishusha.

Alianza kwa sababu ya bintiye. Akiwa na miaka tisa, kongosho lake liliacha kutengeneza insulini, ikawa sindano kila siku. Dozi ikipungua, sukari inapanda. Ikizidi, inashuka mpaka mtu anazimia.

Miaka miwili baadaye, mchana mmoja, kipimo cha damu ya kidole kikaonyesha ishirini na mbili. Mama mtu tayari alikuwa ameshika sindano ya dozi kubwa. Baba akatazama mchoro wake ukutani, uliokadiria sukari ya binti saa kwa saa. Muda ule ilipaswa kuwa saba.

"Mama alimwambia, 'Mtoto anaumwa, wewe unabishana kwa karatasi?'" binti anasimulia. "Baba akasema, 'Subiri, mke wangu. Nusu saa iliyopita ilikuwa sita. Hesabu inakataa.' Kisha akaninusa vidole."

Vilinukia chungwa. Binti alikuwa amemmenyea mdogo wake, hakunawa. Sukari ile ilikuwa ya kidoleni, si ya damuni. Wakamnawisha, wakapima tena: sita nukta nane. Dozi ile ingeweza kumuua.

"Mama aliketi sakafuni akalia," anasema binti. "Tangu hapo hakumtania tena kuhusu karatasi. Alimtania kuhusu pua."

Kwa mjane na watoto wake wawili, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Nanyi wasikilizaji, mkikoroga chai leo, kitazameni kile kijiko, mfikirie kazi inayofanyika ndani yenu bila kuombwa.

Binti sasa ana miaka thelathini na tisa. Jana nilimkuta akijiandaa kujipima. Kijiko cha baba kilikuwa mfukoni mwake. Alinawa mikono, akaifuta, kisha akanusa vidole, kimoja kimoja.