Mzee Kombo, Boti ya Harusi na Doa la Kisiginoni

Tarehe 1 Julai 2023, Mzee Kombo Iddi anavua sare ya askari wa doria baada ya miaka ishirini na saba ya kuilinda bahari ya hifadhi yetu hapa Mafia. Anayeandika wasifu huu wa kugawiwa wageni kwenye hafla ya kumuaga ni mkata tiketi wa geti la Utende, aliyeoa Januari mwaka huu, na ambaye hadi leo kila akishika kalamu ananusa asumini. Mtanivumilia, wapenzi wasomaji. Furaha ikizidi humwagika.

Mzee Kombo alizaliwa Ndagoni. Alipoajiriwa mwaka 1996, hifadhi ilikuwa bado changa na kijijini hawakuelewa mtu analipwaje kwa kulinda samaki. Mama yake mzazi alimuuliza mbele ya wageni, "Unawalinda wasiibiwe na nani, papa?" Alipanda boti akaenda kazini, na tangu hapo wapiga baruti na wavuta juya, zile nyavu za matundu madogo zilizopigwa marufuku, hawakupata usingizi. Mara mbili amekuwa mfanyakazi bora. Mara moja aliruka majini na saa yake mpya ya mkononi kumfuata mhalifu. Mhalifu alipatikana, saa mpaka leo haijaonekana.

Lakini hata jemadari ana siku yake. Mwaka mmoja alikutana na mashua iliyojaa ngoma na vigelegele, bi harusi katikati amefunikwa gubigubi. Mzee Kombo akapunga mkono, akawaombea kizazi chema, akapita. Kumbe bi harusi alikuwa na masharubu, na alikuwa amekalia juya lenye samaki wa kutosha kulisha Kilindoni nzima. Kwa miaka mingi, kila alipopita sokoni, wachuuzi walimwita: "Mzee Kombo! Bi harusi anakusalimu!"

Tangu hapo hapiti harusi bila kuikagua.

Ndiyo maana siku nilipomchukua Safia wangu kwao Chole, boti yetu ilisimamishwa katikati ya mkondo. Mzee Kombo, ambaye alikuwa na kadi ya mwaliko mfukoni, alivua viatu kwa heshima ya mikeka, akaingia, akaanza kuinua mito. Shangazi yangu Biubwa akamkaripia: "We Kombo, huoni haya? Mkague na bwana harusi mwenyewe, labda ni pweza!"

Sasa, bi harusi kwetu huinamisha macho. Safia aliyainamisha, na hapo hapo yakaangukia kisigino cha Mzee Kombo aliyekuwa amepiga magoti. Safia ni muuguzi. Akafunua shela.

"Shikamoo baba. Hilo doa jeusi limeanza lini?"

"Marahaba mwanangu. Ni jeraha la matumbawe tu."

"Limekua?"

"Kila kitu hukua."

"Yarabi!" akalia shangazi Biubwa. "Bi harusi gani huyu anayechungulia nyayo za wanaume!"

Mimi, nawaambia kweli, sikuwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dakika ile.

Kisiwani kwetu doa la unyayoni halimshtui mtu. Anayetembea pekupeku juu ya mwamba tangu utotoni atasema amekanyaga kitu, na mazungumzo yataishia hapo. Safia hakuishia hapo. Tukiwa bado ndani ya fungate, siku ambazo maharusi hawapaswi kuonekana na mtu, alinituma nikamlete Mzee Kombo nyumbani. Akaja amenuna, akakaa mkekani, akatoa mguu kama mtu anayetoa ushahidi wa uongo.

Safia akamwambia linaweza kuwa melanoma, saratani ya seli zinazotia ngozi rangi, na kwamba kwa watu weusi hupenda kujificha unyayoni, pahali ambapo hata jua halifiki.

"Haliumi," akasema Mzee Kombo. "Na mimi sijaugua hata mafua. Mwili wangu una askari. Kama ni kansa, mbona hawajaikamata?"

"Wapo, baba, na ni hodari. Wanapita kila siku wakikagua seli moja moja. Lakini kila askari ana breki mwilini mwake, ili asije akawapiga raia wema. Seli ya saratani imejua breki ilipo. Askari akiikaribia, inaibonyeza. Askari anatulia, anapunga mkono, anapita."

Mzee Kombo aliugeuza mguu, akalitazama lile doa.

"Na vigelegele inapiga?" akauliza.

"Karibu na hivyo."

"Mshenzi mkubwa!"

Safia akamwonyesha ukingo wa doa, palipofifia rangi. Akasema huenda hapo askari waliwahi kuitambua wakapigana nayo. Mzee Kombo akainua mguu wake mwenyewe hadi karibu na pua, akautazama kwa fahari. "Hao ndio vijana wangu," akasema. Kesho yake alivuka kwenda Nyamisati, kisha Dar es Salaam, na mkewe Bi. Mize, ambaye alikuwa amemwambia hayo hayo kuhusu hospitali tangu mwaka uliopita, bila mifano ya breki wala harusi.

Ilikuwa melanoma kweli. Daktari alilikata doa pamoja na nyama ya pembeni, akatoa na tezi ya kinenani ipimwe. Hapo ndipo tulipokonda ofisini. Kama tezi ingekutwa na zile seli, zingekuwa zimeshaanza safari. Tulijua kutoka kwa Safia kwamba zipo dawa mpya zinazofunika breki ili askari wasizuiwe, na kwamba hazimsaidii kila mtu, zinapatikana kwa shida, na wakati mwingine askari waliofunguliwa hushambulia utumbo au ini la mwenyewe. Hakuna aliyetaka Mzee Kombo afike huko. Wiki mbili nzima hata redio ya doria ilizungumza kwa sauti ya chini.

Kisha simu ikalia, nami nikaipokea.

"Mkata tiketi!"

"Shikamoo mzee. Vipi?"

"Tezi safi. Haina hata mhalifu mmoja. Mwambie mkeo."

Nilimwambia kwa kulia. Naye alilia. Kisha akanikumbusha kwamba Mzee lazima arudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo niache kulia niandike tarehe.

Kamati ya hafla ilimuuliza Mzee Kombo anataka zawadi gani: jokofu au seti ya makochi. Akakataa vyote. Anajua kumwelekezea mkubwa nyayo ni utovu wa adabu, lakini ameomba leo adabu hiyo ipumzike kidogo, kila mgeni anyooshe miguu mkekani, naye Safia apite na tochi.

Mzee Kombo, asante kwa bahari uliyotuachia ikiwa na samaki. Tunakuombea uzee mrefu, mwili usiochoka, na Bi. Mize wa kukugombeza kila asubuhi. Waheshimiwa wageni, pilau haitapakuliwa kabla ya ukaguzi. Vueni viatu.