Monika Mbodze, Mwenyeji wa Waezekaji

Baba Paroko, wazee wa baraza la shule, jirani zetu wa Bondeni na Kibokoni, na nyote mlioziacha shughuli zenu siku ya kazi mkaja kutushika mkono, Wakristo tumsifu Yesu Kristo, na Waislamu asalaam aleikum. Familia imenipa mimi, Tomasi Chengo, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, na mwenyewe aliniusia nisirefushe maneno, kwa kuwa maiti hachoki bali walio hai wana njaa, nami nitajaribu, ingawa yeye hakuwahi hata siku moja kusimulia jambo kwa ufupi.

Marehemu Monika Mbodze alizaliwa Jibana, mtoto wa kwanza wa mzee Chengo na mama yetu Kadzo, na siku yenyewe hakuna aliyeiandika, maana kwetu siku hizo umri ulihesabiwa kwa mvua na kwa njaa, basi Padre alipombatiza akamwandikia tarehe 4 Mei 1872, sikukuu ya Mtakatifu Monika, naye akaipokea kwa furaha, akawa akiwatania wenzake kwamba wao walizaliwa ovyo tu, yeye alichaguliwa siku.

Mwaka 1884 iliingia njaa kubwa, mihogo ikakauka ardhini, na baba yetu, ambaye hakuwa mtu wa kulia, alimshika mkono bintiye akashuka naye hadi Mombasa huku machozi yakimtoka njia nzima, akamweka Kibokoni katika nyumba ya Bi Shariffa, apate chakula hadi mvua irudi. Mvua ilirudi, lakini baba alikuwa ameugua, na Mbodze akabaki pale miaka tisa. Hakuteswa, na Mungu amlipe Bi Shariffa kheri, kwani alimlea pamoja na binti yake Mwanakhamis, huyu tunayemwona ameketi hapa mbele akilia kuliko sisi wa damu, wakalala kitanda kimoja na kufundishwa jiko moja. Hata hivyo marehemu alizoea kutuambia kwamba katika nyumba ya watu hata ukishiba unashiba kwa adabu, na kwamba mtoto aliyelishwa mbali na kwao hukua akiangalia uso wa mwenye sufuria kabla hajanyoosha mkono. Neno hilo naomba mliweke, maana ndilo lililoyaongoza maisha yake yote.

Alibatizwa Jumamosi Kuu, tarehe 1 Aprili 1893, baada ya kufundishwa dini na katekista wa misheni, na mwaka huo huo akaanza kujifunza kusoma, mwanamke mzima kati ya watoto, ubao wa kuandikia magotini, na alipojaliwa mtoto akaja naye mgongoni, hata wenziwe wakasema huyo mtoto atajua alfabeti kabla ya kujua kutembea. Hakupata kuandika vizuri, mwandiko wake ulikuwa kama kuku waliopita kwenye unga, lakini kusoma alisoma, na Injili ya Jumapili aliirudia nyumbani kwa sauti mpaka mchuzi uungue.

Kwa kazi marehemu alikuwa mpishi wa shughuli, na sidhani kuna harusi kubwa kutoka Kuze hadi Ndia Kuu, ya Mwarabu, ya Mswahili wala ya Mgoa, ambayo sufuria zake hazikufika. Alikuwa mkali jikoni, aliyefunua kifuniko bila ruhusa alipigwa upawa awe nani, mimi mwenyewe nimepigwa nikiwa baba wa watoto wawili.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 24 Novemba 1894 na mwashi Yosefu Kingi, mtu mpole, mwenye kusema maneno machache na kucheka mengi, wakahamia Bondeni, na Mungu akawajalia watoto wanne, Anna mwaka 1895, Petro mwaka 1898, Martini mwaka 1901 aliyetutoka akiwa mchanga, na Dominiko mwaka 1905. Kingi alifariki kwa homa tarehe 20 Agosti 1907, na tangu siku hiyo marehemu hakuvaa tena kanga ya rangi ya kung'aa.

Sasa nifike kwenye shule, ambayo kwa kweli ilikuwa mtoto wake wa tano. Miaka ile watoto wa Wakatoliki wa kisiwani waliotaka elimu walipelekwa misheni ya bara, wakalala huko, wakarudi baada ya mwaka na adabu nzuri na macho ya wageni, na marehemu alipoona mtoto wa jirani amerudi akisimama mlangoni kwao akingoja kukaribishwa, alikuja nyumbani akamwambia Kingi kwamba Anna hatakwenda kula kwa watu. Kwa hiyo mwezi Februari 1902 wazazi wa Bondeni walijenga shule yao, Shule ya Mtakatifu Ana, Kingi na wenzake wakasimamisha kuta, wengine wakakata boriti, Wagoa wa parokia wakatoa mabenchi, Padre Emili akaja kufundisha dini, lakini mwalimu alichaguliwa na baraza la wazazi, akala kwa zamu nyumba kwa nyumba, na ufunguo ukakaa kwa wazazi.

Paa lilikuwa la makuti, na makuti yana umri wake, hivyo kila baada ya miaka mitatu, kabla ya masika, watu walialikana kuezeka, Wakristo na Waislamu, wakiongozwa na fundi Faraj wa Kibokoni. Nyote mnaijua desturi yetu, mwezekaji halipwi, hulishwa, na anayemlisha ndiye mwenye nyumba, hakuna hati nyingine. Mwaka 1902 na mwaka 1905 marehemu alichukua ungo akapita nyumba kwa nyumba, kila mama akatia mchele wake, ukachanganywa ukapikwa sufuria moja, na waezekaji wakala wakijua wamelishwa na wazazi wa watoto.

Mwaka 1908 mambo yalibadilika. Alikuwa amekuja Bruda mgeni kusimamia shule za misheni, wala hakuwa mtu mbaya, alipenda watoto na alipenda utaratibu, akaona shule ya makuti haifai, akapanga kwamba baada ya Pasaka watoto wakubwa wote wa Bondeni wahamishiwe bara, kwenye mabati na bustani, na wadogo wafuate baadaye. Wazazi walikataa, Padre Emili akawa katikati hajui aegemee wapi, na ikakubaliwa kwamba kwanza paa liezekwe, lisije likawaangukia watoto, kisha mashauri yaendelee. Anna wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu, jina lake lilikuwa la kwanza kati ya wanaotakiwa kwenda.

Siku ya kuezeka ilikuwa Jumamosi tarehe 28 Machi 1908, na asubuhi ile Bruda, kwa moyo mweupe, alileta mchele wa misheni kwa magunia. Marehemu alikuwa mjane wa miezi saba, kila nyumba ya Bondeni ilikuwa imekwisha kumletea kitu katika msiba, akaona haya kupita tena na ungo mkononi, basi akaupokea ule mchele, akashukuru, akauosha, akautia sufuriani. Dada yangu alikosea, na alikosea jambo alilolijua kuliko sisi sote.

Nusu ya paa ilikuwa imekwisha kufungwa, wali wa nazi unanukia, na mchuzi wa papa uko tayari, kwa kuwa ilikuwa Kwaresima, Bruda aliposimama uani akawashukuru watu kwa sauti kuu kwa kuja kuezeka nyumba ya misheni na kula chakula cha misheni. Juu kazi ikasimama. Kisha fundi Faraj akashuka, na wengine wakashuka nyuma yake, akasimama mbele ya marehemu akamwuliza kwa adabu, "Mama Monika, nyumba hini ni ya nani leo? Tukila mtele hunu, sisi tumeezeka nyumba ya mtu mwengine," na watu wakaikung'uta mikono yao vumbi, hawakula, wakaenda zao. Bruda alidhani wamekasirika kwa kukosa nyama, akaanza kuwaeleza Kwaresima.

Marehemu aliniambia kwamba pale aliposimama aliyakumbuka macho ya baba yetu siku aliyomwacha Kibokoni, akajiona yeye mwenyewe ndiye amemshika Anna mkono akamweka mlangoni kwa watu. Hakulia. Alifunika sufuria, akaagiza wali ule upelekwe kwa mahamali bandarini, ambao hawana nyumba ya kuezekewa na kwao chakula ni chakula, magunia yaliyosalia akayarudisha misheni kwa shukrani, kisha akajitanda kanga yake nyeusi, akachukua ungo, akashika njia ya Kibokoni kwa miguu, haya yake yote akiibeba waziwazi. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mwanakhamis, naye hata hakumwacha amalize salamu, akamwambia, "Ulikuwa wapi siku zote hizi, Mbodze? Sisi twangoja utubishiye mlango," akamjazia ungo mpaka ukamwagika, akatoka naye, wakapita pamoja mtaa kwa mtaa, kila mlango ukafunguka, na wale waliokuwa wamekwisha kumletea kitu msibani ndio waliotoa zaidi. Jumapili usiku mvua ilinyesha, ikaingia kwa lile paa lililo wazi, mabenchi yakalowa, na watu wengi walisema basi, imekwisha.

Jumatatu tarehe 30 Machi moto ukawashwa tena uani pa shule, fundi Faraj akarudi bila kuitwa mara ya pili, na ilipokaribia adhuhuri paa lilikuwa limefungwa. Ndipo marehemu akaenda mwenyewe misheni kuwaalika Padre Emili na Bruda waje kula. Padre alikuwa amekaa pwani miaka mingi, alijua vizuri anaalikwa kwenye nini, na tulimwona akisita ukingoni mwa mkeka huku watu wote wakimtazama, halafu akavua viatu, akaketi, akanyoosha mikono imwagiwe maji, akasema, "Leo mimi ni mgeni, na mgeni hana amri katika nyumba ya watu," akamvuta Bruda kwa mkono wa kanzu akaketi naye. Wakala. Marehemu ndiye aliyewapakulia, na kwa mara ya kwanza tangu Kingi afe nilimwona akicheka.

Baada ya Pasaka hakuna mtoto aliyehamishwa. Shule ilibaki chini ya baraza la wazazi, marehemu akachaguliwa kuwa mzee wake, na mwaka 1911 na 1914 Bruda mwenyewe alikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kuuliza kama chakula kimeiva, tena alijifunza kufunga makuti, ingawa fundi Faraj alimfungulia yote akayafunga upya. Anna alisoma pale hadi akamaliza, na leo ni mwalimu pale pale, akilala kwao na kula kwao.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwezi Oktoba 1916, kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi, akalazwa hospitali ya serikali tarehe 12 Januari mwaka huu wa 1917, akaruhusiwa tarehe 2 Februari kwa ombi lake mwenyewe, kwa sababu alisema uji wa pale hauna nazi. Mwanawe Petro yuko vitani, akibeba mizigo ya jeshi na wapagazi wa Kariakoo, hatuna habari zake tangu Krismasi, nasi tunawaomba mmwombee, kwani marehemu kila jioni alimwekea sahani. Siku zake za mwisho hakuuliza juu ya jeneza wala kaburi, aliuliza kama makuti ya shule yameletwa, tukamjibu yameletwa, akauliza nani atapika, na hapo tukaanza kumtengenezea mto, maana wanaume wengi wamechukuliwa, nyumba ni tupu, na hakuna aliyekuwa na uso wa kupita na ungo mwaka wa vita. Alifariki nyumbani kwake Bondeni jana, Jumatano tarehe 28 Februari 1917, saa nne asubuhi, baada ya kupokea sakramenti, mkono wake mmoja ukiwa mkononi mwa Anna na wa pili mkononi mwa Mwanakhamis.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliomvumilia, Baba Paroko kwa kumpelekea Mwili wa Bwana kila Ijumaa, walimu wenzake Anna, wazee wa baraza, wapishi aliowafundisha na kuwapiga upawa, fundi Faraj aliyekuja kwa mkongojo, na jirani zetu wa Kibokoni, ambao tangu jana hawakuacha jiko la msiba huu lilale njaa. Tusiowataja msituhesabie kosa, mioyo yetu ni mizito.

Limebaki neno moja. Jana jioni tulikuwa tukipanga ukumbini mchele mlioleta wa matanga, huu wa kibaba, huu wa pishi, huu umefungwa kwenye pindo la kanga, kutoka kila nyumba ya mitaa hii miwili, na Mwanakhamis akasema, "Mbodze kapita tena nyumba kwa nyumba." Basi familia imekubaliana kwamba mchele huo hautaliwa hapa. Keshokutwa Jumamosi utapikwa uani pa shule, Anna atashika upawa wa mama yake, fundi Faraj ataketi chini aelekeze, na yeyote mwenye mikono, mume au mke, aje apande, aezeke, kisha ale, na atakayekula ajue ni nani aliyemlisha.

Pumzika kwa amani, dada. Usiangalie tena uso wa mtu, hii nyumba ni yako.